Mwanangu aliacha pombe, lakini alikataa kuitikia shikamoo

Wakuu, habari za humu. Na nyie wajukuu mnaonipita bila kunisalimia, marahaba, nimeshawaitikia.

Mimi ni bibi wa Nyakasimbi, Karagwe. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, isogezeni wenyewe muendelee. Siku zote nimekuwa msomaji tu humu ndani, miwani puani, nacheka na vituko vyenu.

Leo nina langu. Nitakayoeleza niliyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuwepo, nitawaambia sikuwepo.

Nina mtoto anaitwa Projestus. Ndiye kifungua mimba wangu. Alikunywa pombe miaka mingi.

Msifikirie rubisi ya sherehe. Kwetu huku rubisi, hii pombe ya ndizi, ni kitu cha heshima. Mgeni anapewa, mkwe anapelekewa. Projestus alianzia huko kama vijana wenzake, akaishia kwenye gongo. Ikafika mahali anaamka nayo kama wengine wanavyoamka na chai. Shamba lake la migomba likaota majani mpaka huoni njia ya kuingilia.

Akishalewa alikuwa anasimama njia panda anahutubia. Anaahidi maji, anaahidi umeme. Watoto wa shule wakampa jina la Diwani.

"Shikamoo Diwani!"

Halafu wanakimbia wanacheka, na yeye anawapungia mkono kama yuko kwenye kampeni. Mimi nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni. Naendelea kuchochea kuni.

Sasa lile lililo kubwa.

Projestus ana binti anaitwa Kokusima. Jina hilo nilimpa mimi, maana yake ni kushukuru. Akiwa mdogo, hajaanza hata shule, baba yake alikuwa anarudi naye kutoka kilabuni, amembeba mikononi. Akateleza. Mtoto akamponyoka, akaangukia mawe.

Sikuwepo. Nilifika damu imeshakauka usoni. Kovu liko juu ya jicho la kushoto mpaka leo.

Projestus mwenyewe hakumbuki. Aliambiwa asubuhi.

Mke wake, Verediana, alifunga nguo, akamchukua mtoto, akaenda kwao Nkwenda, kule Kyerwa. Simlaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyewasindikiza mpaka kwenye gari. Dereva aliitwa Sylivesta, alimpa Kokusima ndizi mbivu anyamaze.

Nisiwachoshe na ya katikati. Kuna siku Projestus aliikosa pombe, akaanguka, mwili wote ukawa unatetemeka. Mdogo wake Laurian, mwenye duka Kayanga, akaja na gari tukamkimbiza hospitali. Huko wakatukanya sana: mtu aliyefika hapo asiachishwe ghafla nyumbani, anaweza kufa. Mlio na mgonjwa wa hivyo, shikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau.

Akatibiwa. Akakaa soba hausi. Akarudi amenawiri, akajiunga na kikundi cha walioacha, wanakutana Bugene kila Jumapili. Hamu ikimjia anatafuna kahawa, ile yetu ya kuchemshwa na kukaushwa tunayompokelea mgeni. Mifuko ya mashati yake yote ilinukia kahawa.

Nikasema ahsante Mungu, kazi imeisha.

Wakuu, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Projestus alirudi nyumbani akakataa kulala ndani. Akajitandikia kwenye banda la kuni. Chakula anakula amesimama, tena baada ya wote. Akawa anamchotea maji jirani yangu Jenesta, anamlimia huyu, anamchimbia choo yule, hataki hata kikombe cha uji. Akamenya ndizi na wanawake kwenye misiba mpaka wanawake wakaona aibu.

Watu wakamsifu. "Ma Astelia, mwanao amebadilika!"

Mimi nilikuwa naona kitu kingine. Nilikuwa naona mfungwa. Na hakimu aliyemfunga simwoni, nikimtafuta namkuta ni yeye mwenyewe.

Na shikamoo alikuwa haitikii.

Watoto walikuwa wameshaacha mzaha. Sasa wanamsalimia kweli, mikono nyuma, "Shikamoo mzee." Yeye anatazama chini, anasema, "Salama." Anapita.

Siku moja nikamuuliza, "Projestus, mbona huitikii salamu za watoto?"

"Nimeitikia, mama."

"Salama ndiyo inaitikia shikamoo siku hizi?"

Akageuza jembe. "Shikamoo ni ya watu, mama. Mimi wanipe habari tu, inanitosha."

Na msidhani kwamba hatukumsamehe. Tulimsamehe wote. Kokusima mwenyewe, msichana mkubwa sasa, alitoka Nkwenda kuja kumwambia, "Baba, mimi yaliisha. Hilo kovu silikumbuki mpaka nishike kioo." Baba yake akalia, akamshukuru. Kesho yake alfajiri yuko kwenye shamba la Jenesta analima bure.

Ndipo Kokusima akapata mchumba, Edgar, kijana wa Kiruruma. Kijana mpole, anacheka na macho.

Hapa wageni wa huku niwaeleze kidogo. Desturi ya nyumbani kwetu, binti akiolewa, kabla hajavuka kizingiti baba yake anampakata. Ndiyo, bibi harusi mzima na shela lake. Anapiga magoti anamsalimia baba, anakalishwa mapajani, anainuliwa, anakalishwa tena, watu wanapiga vigelegele. Hapo ndipo anakuwa ametoka kwao.

Projestus akasema hapana. Laurian ndiye atakaa kwenye kiti cha baba.

"Mikono hii ilishamwangusha mara moja," akaniambia. "Sitaipa nafasi nyingine."

Laurian, ambaye hajawahi kukataa kiti tangu azaliwe, akaenda kushona kanzu.

Kokusima akanipigia simu. Hakulia. Aliongea taratibu mpaka nikaogopa. "Bibi, baba mdogo akinipakata nitaolewa, sawa. Lakini nitakuwa nimetoka kwa nani?"

Nilimwambia tu avae vizuri, aje.

Tulimtumia katekista. Tulimtumia mwenyekiti wa kikundi chake cha Bugene. Wote aliwasikiliza vizuri, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi na hapana yake.

Siku ya kuamkia harusi uwanja ulijaa watu. Projestus yuko kwenye kigoda katikati ya wanawake, anamenya ndizi, kichwa chini. Nikamtazama. Sijui nini kilinituma.

Nikaenda nikakaa mapajani pake.

Wakuu, mimi sio mwepesi. Kisu kikaanguka, ndizi zikamwagika.

Jenesta akapiga kelele, "Yaa! Ma Astelia, umeonja rubisi ya wageni?"

"Sijaonja," nikasema. "Nataka nione kama huyu anaangusha watu."

Projestus uso ulimwiva. "Mama, inuka, watu wanaangalia!"

"Waangalie. Nishike, nitaanguka."

Akanishika. Angefanyaje?

Nikamwambia, "Masika hii iliyopita nilipougua malaria, Froliani wa bodaboda alisema nini?"

Akawa anatafuta kisu kwa macho.

"Nakuuliza."

"Alisema pikipiki haipandi, tope limezidi."

"Halafu?"

"Mama..."

"Halafu nani alinibeba kwenye ule mteremko mpaka barabarani? Mvua inanyesha, mimi natapika kwenye shati lako. Uliniangusha?"

"Hapana."

"Uliteleza?"

"Niliteleza."

"Ukaniangusha?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameteleza kweli pale kwenye mti wa Mzee Kasiano, nakumbuka mpaka leo. Aliangukia magoti, akaniinua juu nisiguse tope. Magoti yakachubuka. Kesho yake akalisahau jambo lenyewe, kwa sababu halikuwa baya, na yeye alikuwa anahifadhi mabaya tu.

"Basi mikono ni hiyo hiyo," nikamwambia. "Sijaona uliponunua mingine."

Jenesta kutoka kule akadakia, "Na huyo mama yako ni gunia la kahawa! Kokusima atakuwa unyoya!"

Wanawake wakacheka. Na Projestus akacheka. Wakuu, nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake akiwa hajalewa. Ni sauti ya marehemu baba yake kabisa. Alicheka mpaka machozi yakaanza, halafu yakawa machozi ya kweli, akaweka kichwa chake begani kwangu pale mbele za watu, ganda la ndizi limemng'ang'ania kwenye mkono.

Hakusema ndiyo. Alinitua tu taratibu, akaenda kuoga.

Laurian alipomwona anatoka amenyoa ndevu, akauliza, "Kaka, na kanzu yangu?"

"Ivae," Projestus akasema. "Utagawa soda."

Asubuhi ya harusi Projestus alikaa kwenye kiti cha baba. Kibuyu chake tulikijaza mramba, yaani maji matamu ya ndizi kabla hayajatiwa mtama kuwa pombe. Anapiga mrija kama wenzake, hakuna aliyejisikia vibaya. Verediana alikaa kiti cha pembeni yake. Hawakurudiana, na siku hiyo haikuwa ya kuulizana. Alimsogezea leso tu. Kwangu ile leso ilikuwa nyingi.

Kokusima akaletwa. Amevaa nyeupe tupu, kovu lake hakulipaka poda, aliliacha hivyo hivyo. Akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

Watu wa Kiruruma hawakujua kitu, wao walikuwa wanasubiri tu kuendelea. Sisi wa hapa tulijua. Nilimwona Projestus anatazama chini kama kawaida yake.

Nikasema moyoni, Mungu, asiseme salama.

Akainua uso.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka imekwaruza, lakini kila mtu aliisikia. Akanyoosha mikono akampokea. Alimkalisha, akainuliwa, akamkalisha tena, na kila mara alimshika kana kwamba chini kuna lile tope la masika. Hakumwangusha. Msemaji alipotangaza imetosha, Projestus akasema, "Ngoja kidogo." Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa. Laurian na kanzu yake alisahau kugawa soda, alikuwa analia kuliko bibi harusi.

Siwadanganyi kwamba yote yamepona. Zipo siku mfuko wa kahawa unaisha mapema, naona anaranda uwanjani hatulii. Siku hizo Jumapili haingoji, anapanda boda anaenda Bugene kwa wenzake. Lakini analala ndani. Anakula amekaa. Jenesta siku hizi anachota maji mwenyewe, na amenuna.

Nilichojifunza ni hiki. Kumwambia mtu tumekusamehe ni vizuri, lakini kwa Projestus hakukutosha. Kichwa chake kilijaa mabaya aliyoyafanya, na mengine hata hayakumbuki, alihadithiwa tu. Mazuri yake hakuwa nayo hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwekea. Basi wewe uliye na mtu anayeamka kutoka kwenye ulevi, usimhesabie tu siku bila chupa. Mkumbushe jambo zuri alilolifanya akiwa mzima, na mahali, na nani alikuwepo, mpaka akubali kuwa ni lake.

Na wewe uliyeacha na unajichapa peke yako bandani, mwanangu, toka huko. Ingia ndani ule.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Kokusima aliyekataa kutoka nyumbani bila baba. Namshukuru Froliani na pikipiki yake iliyoshindwa kupanda.

Kama nawe umepita njia hii, wewe mwenyewe au mtu wako, andika hapo chini tusikie. Nasoma polepole lakini nasoma yote, na majina yenu nitayashika. Matusi pia leteni, nimelea wanaume wawili.

Naishia hapa kwa sababu shule imetoka, watoto wanapita nje.

"Shikamoo Mzee Projestus!"

Nimeacha kuandika nisikilize.

"Marahaba! Mmesoma nini leo?"