Nyegere Katika Tuta la Wilf Tranter

Nimekaa kijiji hiki miaka thelathini, sijaona mtu anayependa maji kama jirani yangu Wilf Tranter. Ngome ya kale ya kijiji chetu imebaki ukuta mmoja na ngazi isiyokwenda popote. Handaki linaloizunguka ndilo lililobaki zima, limejaa maji. Kijito kinaingia juu, na chini kuna lango la mbao la kupunguzia maji. Kila asubuhi Wilf huenda kuinua ubao wa lango au kuushusha, upana wa kidole kimoja, viwili, kama alivyofanya baba yake. Halipwi hata kikombe cha chai.

Februari, nyegere wa huku, yule mwenye uso wa mistari, akachimba shimo kwenye tuta linalozuia maji. Wilf akapiga simu serikalini aruhusiwe kuliziba kwa udongo wa mfinyanzi. Idara moja ikasema tuta ni mali ya kale, lisiguswe na koleo. Nyingine ikasema nyegere analindwa, asibughudhiwe. Sheria gani hiyo, jamani?

"Kwa hiyo yeye achimbe, mimi nitazame?" Wilf alifoka.

"Mwambie nyegere akuombee kibali," mkewe Enid akamjibu huku akimmiminia chai. "Yeye anasikilizwa."

Mungu anisamehe, tulicheka.

Aliandika barua tano. Mashimo yakawa mawili, tuta likaanza kuvuja. Wilf akawa anashinda pale kwenye kigoda, koleo magotini, mikono ikimwasha. Siku ya mvua kubwa tuta likapasuka mbele ya macho yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliwazoa samaki tu, kwa ndoo, huku analia waziwazi. Aliwamwaga kwenye beseni la kuogea, na Enid akaenda kumletea ndoo nyingine.

Kesho yake idara ya mali ya kale ikaja mbio. Kwenye tope walikuta bomba la kale, gogo refu lililotobolewa, zima kabisa. Mkuu wao, bibi mmoja, alimkumbatia Wilf kwa furaha.

"Mzee Tranter, hii bahati! Ila tufanye haraka, likikauka litapasukapasuka. Maji ndiyo yaliyolitunza miaka yote hii."

"Na maji yalitunzwa na mimi," Wilf akasema. Hakuna aliyegeuka.

Wakalilaza bomba kwenye sanduku refu, wakalijazia maji, wakaondoka nalo. Tuta halijengwi, bado wanachunguza. Nyegere yupo.

Leo asubuhi nimemwona Wilf langoni. Ameinua ubao kidole kimoja, akasubiri kidogo, akaushusha.