Mkwe Nyuma ya Kioo

Mama yangu alikubali kila kitu isipokuwa mpiga picha. Ultrasaundi aliyofanyiwa Runzewe ilionyesha kivimbe kwenye titi la kushoto, wakataka na picha ya eksirei. Mashine ya matiti iliyokuwa karibu ilikuwa Geita, na aliyeiendesha alikuwa mmoja tu: mume wangu.

Siku ya kwanza mama alifika hadi mlangoni, akasikia mkwe wake anakohoa ndani, akajifunika kitenge usoni na kurudi stendi. Nilimkuta ameshakata tiketi. Nilichukia. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hukwepana hata njiani, najua. Miaka yote ya ndoa yangu hawajawahi kula chumba kimoja. Lakini kivimbe hakijui ukwe.

Nikadhani mume wangu, mtu aliyesoma, atakuwa na nafuu. Wapi. Akasema hawezi, nimpeleke mama Mwanza. Mama naye akasema Mwanza ni mbali, atakwenda pamba ikishavunwa. Watu wazima wawili, nawabembeleza kama watoto waliokataa uji, na siku zinakwenda.

Mwishowe nikawapangia mimi. Nesi ndiye angemshika mama na kulibana titi kwenye mashine. Mume wangu angekaa nyuma ya kioo cha kuzuia mionzi, nacho nikakiwekea kitenge. Mimi nikasimama katikati. Yeye ananong'ona, mimi namwambia mama asipumue. Mama akataka kujua kama mkwe ataiona picha. Nikamjibu kwa hasira kwamba hiyo ni picha tu.

"Picha ya nani?" akauliza.

Nikamwambia tena asipumue.

Alipomaliza kuvaa tukakaa kwenye benchi la nje, nikampa soda. Nilijua mume wangu atatokea mlango wa nyuma, kama anavyofanya nyumbani mama akija. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumsema. Badala yake akaja moja kwa moja, akachuchumaa mbele ya mama na kumtazama usoni.

"Shikamoo, mama. Kesho nakupeleka Mwanza kwa daktari, mimi mwenyewe."

Mama aliiweka soda chini, akanishika mkono.

"Basi naumwa kweli, mwanangu," akasema. "Mkwe hawezi kunisogelea hivi bure."