Sikio la Dada

Chungu cha udongo kikimwagiwa maji ya moto hutoa harufu ya vumbi lililonyeshewa mvua. Jana niliisikia nyumbani kwa dada yangu, mtaani Woodley, na chungu kilikuwa kilekile cha mama. Nikajiona nimesimama tena na ndoo mlangoni mwa jiko letu la mabati kule Waithaka.

Mama hakukiosha kwa sabuni hata siku moja. Alisema udongo hunywa sabuni, kisha huitapika kwenye kunde. Alikisugua kwa jivu na gunzi la mahindi, akakisuuza, halafu akakigonga kwa kucha kusikiliza kama kimepata ufa.

"Kuja usikie," aliita kila mara. Alikuwa akimwita dada.

Dada aliinama, sikio karibu na mdomo wa chungu, akatabasamu kama mtu aliyenong'onezwa siri.

"Na mimi?"

"Wewe leta maji."

Nilileta. Nilikichukia kile chungu, na nikalichukia zaidi lile sikio la dada.

Jana dada alikisugua vilevile, akakisuuza, akakigonga. Nikasogea.

"Kuja usikie," akasema, lakini macho yake yalikuwa kwa binti yangu. Mtoto akainama, akasikiliza, akatabasamu.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Mum, maji imeisha," akanijibu bila kuinua kichwa. "Leta ingine."

Nikachukua ndoo.