Riwaya ya fundi viatu yafichua mwizi wa sambaza Kashebere

Sindano inaingia kwenye ngozi, inatoka, na Léonard Tuyizere hainui macho. Ni siku ya soko Kashebere, mashariki mwa Kongo. Wateja wake wamekaa kwenye ubao, kila mmoja mguu mmoja mtupu. Viatu viko kwake. Hakuna wa kukimbia.

"Endelea, Papa Léonard! Kengele iko wapi?" anafoka mama mmoja.

"Ngoja nimalize soli yako, mama. Ao unataka kutembea na kengele ku mguu?"

Wanacheka. Fundi anafuta mikono, anavuta rundo la karatasi, anasoma.

Ni riwaya yake mwenyewe, ameiandika nyuma ya mabango ya uchaguzi. Mbele, watu waliovaa tai wanaahidi barabara ambayo mpaka leo ni matope. Nyuma yupo Papa Tuliza, katekista mstaafu anayeitafuta kengele ya parokia iliyoibwa, akisaidiwa na paka watatu: Kamisaa, Mjane na Padri.

Paka hao si wa kubuni. Wamelala chini ya kiti cha fundi.

"Panya wa huku banapenda ngozi kuliko mihogo," anasema Léonard, mwenye miaka 52. "Bila hawa, mimi sina kazi."

Siku nzuri anapata faranga elfu sita. Siku ya mvua, hata elfu mbili hazifiki. Sekondari hakuimaliza, vita vilimtoa darasani, kwenye vilima vya Masisi ambako wazazi wake walilima maharagwe. Lakini riwaya yake imefanya kazi ambayo ofisi zote zilishindwa kuifanya!

Jioni moja Prince Uwizeye, dereva wa pikipiki, alifika na magunia mawili ya sambaza, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Kivu. Yalikuwa mali ya chama cha akina mama wa sokoni. Kwa kuwa wenyewe walikuwa wameshafunga, aliyaweka kwenye depo, ghala la mfanyabiashara Dusabimana.

Asubuhi Dusabimana akatangaza: wenye bunduki wamekuja usiku, wamebeba magunia yote mawili, na waliulizia "muzigo ya Prince" kwa jina.

Basi. Nani atawafuata wenye bunduki awaulize habari za samaki? Soko likamgeukia Prince kwamba ndiye aliyewaita. Alinyimwa mizigo, akazomewa mbele ya watoto wake, akaacha kukanyaga sokoni.

Sisi wa huku hatusahau. Mabati ya shule yalipopotea, tuliambiwa ni wenye bunduki. Dawa za zahanati, wenye bunduki. Bunduki zipo, na makaburi yapo. Hilo hakuna wa kutufundisha. Ila nyuma ya bunduki za wengine kuna watu walioshiba bila kushika hata kisu.

Mwezi uliopita Léonard alisoma sura ambayo paka wa Papa Tuliza hujipanga kila jioni nyuma ya depo ya chumvi. Constance Uwamwezi, mmoja wa akina mama wa chama, alikuwa akisubiri kandambili yake.

"Papa Léonard, hiyo umeitunga?"

"Hapana, mama. Nilibaona hawa wangu nyuma ya kwa Dusabimana, kila jioni. Nikafikiri banafuata joto ya ukuta."

"Kwa Dusabimana? Si anauza simenti na misumari?"

"Njo hivyo," akaitikia fundi.

Constance akasimama na kiatu kimoja. "Shi muniambie, tangu lini paka inakula simenti?"

Soko zima likaondoka! Wengine mguu mmoja kwenye matope, wengine na mihogo kichwani. Dusabimana alisimama mlangoni, akasema ufunguo umepotea.

"Hakuna shida, Papa," akajibiwa. "Tutakaa hapa na paka mpaka uonekane."

Ufunguo ukaonekana. Nyuma ya mifuko ya saruji yalikuwepo magunia mawili, midomo imeshonwa kwa utepe wa kitenge, kama akina mama wa chama wanavyoshona siku zote.

Jioni hiyo Dusabimana alimfuata fundi. Aliomba yaishe kifamilia, na katika kitabu mwizi awe mtu wa mbali, wa porini.

"Nilimujibu: kaka, wale wa porini iko na zambi zao. Wasibebe na ya kwako," anasema Léonard.

Prince amerudishiwa kazi ya kubeba mizigo. Jina lake bado.

"Walinitukana soko nzima," anasema kijana huyo. "Kuomba musamaha, wanakuja mmoja mmoja, ku nyumba, sauti ya chini. Mutoto wangu aliona matusi. Musamaha hakuona."

Ndiyo maana sura ya mwisho, soko lijalo, fundi hataisoma yeye. Ataisoma Prince, na siku hizi jioni anakaa kwa fundi akijizoeza, neno kwa neno. Katika sura hiyo kengele itaonekana ndani ya depo ile ile ya chumvi, na aliyesingiziwa atatajwa kwa jina lake kamili.

"Mimi nitashona tu," anasema Léonard.

Prince anakunja karatasi. "Nitakuja na watoto wangu. Na Papa Dusabimana nimemutumia ujumbe: kiti chake iko mbele kabisa."