Seng'enge ya Nyuma

Tulipohamia Kitengela mwishoni mwa miaka ya tisini, mume wangu alianza na seng'enge kabla hata ya nyumba. Sisi ni watu wa Ukambani, na kwetu shamba bila mpaka ni kesi.

Jirani wa nyuma, mama wa Kimaasai, alitukuta tukichimbia nguzo. "Takwenya," akanisalimia, nami nikamwitikia, "Iko." Kisha akamgeukia mume wangu. "Hapa ndio ng'ombe inapitanga kwenda mto. Wacha tu mahali kidogo."

"Hii tumenunua, mama. Kila mtu akae kwake."

Akaondoka bila ugomvi. Tangu siku hiyo ng'ombe wake wakawa wanazunguka mbali.

Wanunuzi wengine wakaja, nao wakaiga. Ukuta huku, ukuta kule, mpaka geti letu likabaki linatazama kijia ambacho mimi, na mwili huu wangu, nilikipita kwa ubavu. Nikawa naamka najihisi nimefungiwa ndani ya debe.

Kisha mvua ikakosa. Ng'ombe wetu wa pekee, aliyezaliwa uani mwetu na kukatiwa nyasi maisha yake yote, alikonda akabaki mbavu. Nyasi za kununua hazikuwako tena, na maji ya mkokoteni yalitutosha sisi tu. Mume wangu aliporudi kutoka kazini Kajiado, akawaendea majirani wa upande wa mto kuomba njia. Wakamwambia kila mtu akae kwake. Ningemfariji vipi, na maneno yalikuwa yake?

Asubuhi alichukua koleo akaikata seng'enge ya nyuma, ili tuzunguke kupitia kwa yule mama. Ng'ombe akafika kwenye pengo, akagoma. Tulivuta, tukasukuma, wapi. Kwake dunia iliishia pale, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Nililia mbele ya watoto wetu.

Yule mama akatuona. Akaswaga ng'ombe wake wakaingia kwetu, wakafyeka sukuma wiki yangu yote niliyoinywesha maji ya vyombo, wakageuka na kutoka. Wetu akawafuata.

Jioni alimrudisha, tumbo limejaa maji. "Mtafunga tena?" akauliza.

Mume wangu alizitazama nguzo zake. "Leo hapana," akasema.

Mimi nikabeba seng'enge yote iliyokatwa, nikaitumbukiza kwenye choo cha shimo.