Ujumbe Nilioupeleka kwa Marasta wa Mtoni

Shemeji yangu Mutua alipoweka kikombe chini na kusema, "Wewe ndiye baba, nenda ukamwambie," nilipaswa kukataa. Badala yake niliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa mandazi. Binti yangu Mwikali alikuwa karibu kuolewa, na Mutua, kaka ya marehemu mke wangu na mzee wa kanisa, ndiye aliyesimamia arusi. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Musyoka, mwanangu wa pekee wa kiume, anakaribishwa arusini kwa dada yake, ila anyoe kwanza.

Alhamisi asubuhi nilitoka nyumbani, mtaa wa Fedha, na mkoba mmoja na koti la mvua. Musyoka alikuwa dereva wa lori la kiwanda, kisha akaacha usukani akaenda kuishi na Marasta wanaolima ukingoni mwa mto, kwa kujitolea, bila mshahara. Nilikuwa sijawahi kufika huko. Nakiri nilikuwa na hamu ya kupaona, hata nikasahau kwa muda nilichotumwa.

Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, nilisimama kwanza. Mtu haendi ugenini mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua mguu wa mbuzi.

"Unapeleka kwa nani, mzee?" muuza nyama akauliza.

"Kwa Marasta, kule mtoni."

Akanitazama, kisha akaongeza gazeti la pili juu ya lile la kwanza. "Wasalimie," akasema. Nilidhani ni heshima.

Karibu na saa sita nilifika. Pale zamani palikuwa jaa la taka. Sasa ua umejengwa kwa vitanda vya chuma na milango ya magari mabovu, na ndani magunia ya udongo yamesimama kwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride, sukuma wiki zikichomoza ubavuni. Nilitarajia kukuta moshi wa aina fulani. Moshi niliouona ulikuwa wa jikoni, na jikoni alikuwapo Nekesa, mama mnene mchangamfu kutoka Bungoma, kilemba kikubwa kichwani.

"Karibu, mzee. Umetubebea nini?"

Nikamwambia. Akaweka mwiko chini.

"Nyama haijawahi kuvuka hilo geti. Wewe ndiye wa kwanza kujaribu."

"Sikujua."

"Si ulizaa Rasta? Kwani hukumuuliza anakula nini?"

Wote waliokuwapo walicheka, nami nikacheka, maana ilikuwa kweli. Mguu wa mbuzi ulipelekwa kwa fundi wa kuziba pancha nje ya geti, naye tangu hapo akawa ananiita baba mkwe.

Musyoka akatokea kwenye migomba, matope hadi magotini, nywele zake zimefungwa kwa kitambaa. Akanikumbatia.

"Baba, umekuja kulima ama kukagua?"

"Kukagua."

"Hapa wakaguzi hupewa jembe."

Chakula kilikuwa viazi vitamu na maharagwe ya nazi. Nilionja, nikangoja kidogo, nikauliza kama chumvi imesahauliwa.

"Haijasahauliwa," Nekesa akajibu. "Haijaalikwa." Wao hula chakula kama kilivyotoka ardhini. Kufikia kijiko cha kumi nilianza kuuhisi utamu wa kiazi chenyewe.

Baada ya kula nilisimama na jembe langu nikingoja kupangiwa kazi. Nilifanya kazi ya ukarani katika bohari miaka mingi, na kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kunielekeza. Nekesa akapita na karai la mbolea, akarudi, akanikuta palepale.

"Unangoja nani?"

"Mkubwa."

"Mkubwa hapa ni magugu. Yakiota, unajua pa kwenda."

Ndivyo walivyofanya kazi, kila mtu akiona pengo na kulijaza. Alikuwapo fundi cherehani wa Gikomba aliyekuja siku zake za mapumziko, na vijana wa mitaa ya karibu walionipita wakinisalimu kimtaa, "Niaje, buda," huku wakinichukulia karai zito. Jioni akina mama majirani waliingia na vikapu, wakachuma mboga za usiku ule, wakaenda. Mara mbili nilifungua kinywa nimweleze Musyoka nilichojia. Mara ya kwanza aliniuliza habari za goti langu. Mara ya pili alinionyesha bata.

Ijumaa asubuhi alinipeleka kwenye tuta la mwisho, karibu na maji. Karoti, kabichi na dania vilikuwa vimestawi sana.

"Hii yote ni ya arusi ya Mwikali," akasema. "Tulikubaliana hapa hakuna mtu kuigusa. Nitaileta mwenyewe. Mkokoteni tumeshaupaka rangi."

"Mungu akubariki," nikasema, nikainama kung'oa magugu. Niling'oa karoti mbili.

Alasiri wote walianza kuosha majembe kwenye pipa moja, kwa sababu Sabato yao huanza jua likizama. Nekesa aliniona nimeshika mkoba.

"Kama una neno zito, mzee, lisemwe sasa. Likiingia giza hatubishani na mtu hapa mpaka kesho jioni."

Ningeweza kurudi nalo kama nilivyokuja nalo. Lakini nilishikwa na haraka, nikalisema palepale penye pipa, mbele ya watu.

Musyoka aliendelea kuosha jembe lake. "Baba, unajua hizi nywele ni nadhiri."

"Najua."

"Hayo ya kunyoa ni ya mjomba. Wewe unasemaje?"

"Mimi ni mjumbe tu."

Alilikausha jembe, akalitundika. Alinibebea mkoba mpaka barabarani, na njiani akaniuliza tena habari za goti.

Nyumbani Mutua alitaka kujua Musyoka amejibu nini. Nilimwambia amesikia.

Siku ya arusi, mkokoteni wa rangi nyekundu, manjano na kijani uliingia, ukisukumwa na Nekesa na yule fundi cherehani. Mboga zilisifiwa sana, na Mutua aliongeza sahani mara mbili. Mwikali alikula kidogo, macho yake getini.

Safari ile ilinifundisha kwamba ukipeleka maneno usiyoyaamini, anayeyapokea huyasikia kwa sauti yako. Niliulizwa maoni yangu mara moja tu, na mwanangu mwenyewe, nikajificha nyuma ya shemeji.

Mwaka jana Musyoka alipata mtoto wake wa kwanza, mvulana. Kwetu Ukambani mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Habari nilizipata kwa Mwikali. Mtoto hakupewa jina langu, na sijawahi kumpakata.