Kengele ya Kuanulia Karafuu

Msimu wa karafuu mama yangu halali mchana. Huketi barazani na goti lake bovu, akichunga majamvi yaliyoanikwa na kuvizia mvua. Karafuu zikirowa huvunda, na hizo ndizo riziki yetu. Nilichoka kumwona vile, nikaapa kumtengenezea mlinzi ili naye alale.

Mimi mwenyewe napenda kuchezea saketi. Nikachukua bodi ndogo ya kuprogramu, nikaiunga na kengele na bamba linalohisi maji, kisha bamba nikalilaza katikati ya jamvi. Likiguswa na tone la kwanza, kengele ilie.

Ikalia siku hiyo hiyo, jua la utosi. Jirani yetu, mwalimu kutoka bara, akaja mbio kutusaidia kuanua, maana huku mvua ikitishia karafuu za mmoja, mtaa mzima hukimbilia kuanua. Tukakunja majamvi yote. Juu hakukuwa hata na wingu la kusingizia.

"Kidude chako kirongo," mama akasema.

Kesho yake ikalia tena, na mwalimu akaja tena, safari hii akitembea. Nikabadilisha waya, nikarekebisha programu, nikaituhumu chaja. Wapi! Nikanuna, hata salamu nikawa naitikia kama namfukuza mtu.

Kwa hasira hizo nikakaa jamvini kupindua karafuu. Nilipopitisha kiganja tu, kengele ikalia. Kumbe karafuu mbichi mbili zimerukia juu ya bamba. Nikazitoa, kimya. Nikazirudisha, kelele. Yale majimaji yake ndiyo yaliyokuwa yakihisiwa. Nilicheka mpaka mama akauliza kama nimepagawa.

Nikalihamishia bamba juu ya kigingi, kando, limeinama ili maji yateremke.

Siku ya pili yake ikalia, na jua bado linawaka. Mama hakuinuka.

"Kimeanza," akasema.

Nikavuta jamvi peke yangu, nikifoka. Akaja akichechemea, akashika pembe ya pili.

"Nakuhurumia wewe tu, mwanangu. Mvua yenyewe siioni."

Tone likamdondokea mkononi. Jamvi la mwisho lilipoingia ndani, mvua ikashuka kwa kishindo. Mwalimu akatokea amerowa chapachapa, akakuta kazi imekwisha, tukampa chai.

Mama hakunisifu. Lakini kesho yake, karafuu zikiwa nje juani, alipokwisha kuswali adhuhuri alisimama mlangoni.

"Hiyo kengele inasikika mpaka chumbani?"

"Inasikika, mama."

Akaingia kulala. Nilifurahi hata nikasahau kupindua karafuu.